SULUHU HUANZIA CHUMBA CHA FARAGHA: FUNZO KUTOKA TAJIKISTAN

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.



Kila ninapogusia vita vya Sudan, swali ni lile lile: "Sheikh, wanaopigana wana majeshi na serikali nyuma yao. Sisi raia wa kawaida tuna nini zaidi ya dua?" Dua ni silaha kubwa, tusiidharau. Lakini historia inatuonyesha kuna jambo jingine. Someni mpaka mwisho.

Tuanzie Makka, kabla ya Utume. Mfanyabiashara kutoka Zabid, Yemen, alimuuzia bidhaa Al-As bin Wail, naye akamdhulumu malipo. Mgeni yule hakuwa na ukoo wa kumtetea. Akapanda jabali la Abu Qubays, akapaza sauti kulilia haki yake. Zubayr bin Abdul-Muttalib, ami yake Mtume (s.a.w.), akasimama. Koo kadhaa za Kikureshi zikakutana nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an, zikaapa kusimama na mdhulumiwa, awe mwenyeji au mgeni, mpaka apate haki yake. Hiyo ndiyo Hilful-Fudhul. Makka haikuwa na mfalme wala polisi. Walikuwa watu tu, wameamua. Mtume wetu (s.a.w.) alihudhuria akiwa kijana, na baada ya Utume aliendelea kukisifu kikao kile.

Sasa twende Asia ya Kati. Tajikistan ni nchi ya Waislamu, imepakana na Afghanistan, Uzbekistan, Kyrgyzstan na China. Ilipata uhuru mwaka 1991 Umoja wa Kisovieti ulipovunjika. Mwaka 1992 vita vikawaka. Upande mmoja serikali iliyorithi utawala wa zamani. Upande wa pili muungano wa upinzani, ndani yake kikiwamo chama cha Kiislamu kilichoongozwa na Sayid Abdullo Nuri. Nyuma ya siasa kulikuwa na chuki za mikoa: wewe ni wa Kulob, yule ni wa Gharm. Wote wanaelekea kibla kimoja! Makumi ya maelfu wakauawa. Wengine makumi ya maelfu wakavuka mto kukimbilia Afghanistan, nchi ambayo nayo ilikuwa vitani. Urusi ilikuwa na askari pale, Iran na Uzbekistan kila mmoja akiwa na hofu yake. Moto wa nyumba moja ulitishia mtaa mzima.

Nani alianza kuwakutanisha? Tangu mwaka 1960, Wamarekani na Wasovieti wasiokuwa wajumbe rasmi wa serikali zao walikuwa wakikutana kuzungumzia hatari ya vita. Mikutano hiyo iliitwa Dartmouth, kwa jina la chuo cha Marekani ulikofanyika mkutano wa kwanza. Vita baridi vilipokwisha, baadhi yao walijiuliza: uzoefu huu hauwezi kuwasaidia wengine? Mmarekani Harold Saunders na Mrusi Gennady Chufrin wakawaita Watajiki wa pande zote Moscow, Machi 1993. Hawakuitwa kama wajumbe wa serikali wala wa makamanda. Waliitwa kama raia.

Mwanzo ulikuwa mgumu. Watu waliozikiana ndugu wamewekwa meza moja! Lakini hapakuwa na kamera, wala hakuna aliyetakiwa kutia saini. Kwanza walitoa machungu yao. Kisha wakaanza kuulizana maswali ya kazi: upinzani umetawanyika nchi mbalimbali, serikali izungumze na nani? Wakimbizi watarudi vipi salama?

Walikutana mara sita kabla ya mazungumzo rasmi chini ya Umoja wa Mataifa kuanza Aprili 1994. Baadhi yao waliingia kwenye ujumbe rasmi wa pande zao, na vikao vya raia vikaendelea sambamba. Mwaka 1996 Taliban walipoiteka Kabul, jirani kabisa, pande zote ziliona muda unakwisha. Tarehe 27 Juni 1997, Rais Emomali Rahmonov na Nuri walitia saini mapatano ya amani. Upinzani uliahidiwa asilimia 30 ya nyadhifa serikalini, na Nuri akaongoza tume ya maridhiano ya taifa.

Ndugu zangu, tuchukue mafunzo matatu.

La kwanza: raia hawakumaliza vita peke yao. Umoja wa Mataifa, Urusi na Iran walifanya kazi kubwa. Lakini raia walitengeneza njia ambayo viongozi waliipita baadaye bila kuona haya.

La pili: faragha ina nafasi yake. Suratun-Nisaa, aya ya 114, inayakosoa mengi ya mazungumzo ya siri, kisha inayatoa katika lawama hiyo matatu: kuhimiza sadaka, kuhimiza wema, na kupatanisha watu. Leo tunafanya kinyume: matusi tunayaweka hadharani, suluhu tunaiacha bila mwenyewe.

La tatu: amani hutunzwa. Nuri alifariki 2006, na mwaka 2015 chama chake kilipigwa marufuku. Karatasi ya 1997 haikuweza kukilinda. Mti ukishapandwa, usipomwagiliwa hukauka.

Basi nirudi kwa muulizaji wangu. Katika vikundi vyetu vya simu wamo Wasudani, Wasomali, Wakongo. Ukituma picha ya maiti na kuandika "kabila lile ndilo shetani," umeongeza kuni. Ukimtafuta Msudani wa upande usioupenda, ukamsikiliza bila kumkatiza, umefungua mlango mdogo. Na kama huko ni mbali, anzia msikitini kwako: wale wawili ambao tangu Ramadhani hawasalimiani, nani amewaita chai?

Ewe Mola, zipatanishe nyoyo zetu, zuia damu za Waislamu na za kila asiye na hatia, na utujaalie kuwa funguo za kheri. Amin.

Wallahu a'lam.