Ngome na Sarafu za Fedha

Mataifa mengi ya leo huchora ngome zao za kale juu ya sarafu za fedha za ukumbusho. Masultani wa Kilwa hawakufanya hivyo. Al-Hasan bin Sulaiman, ambaye Ibn Battuta alimkuta mwaka 1331, ndiye ahesabiwaye mjenzi wa Husuni Kubwa, jina litokanalo na neno la Kiarabu lenye maana ya ngome. Lakini sarafu zake hazina picha: zina jina lake na maneno ya kumtegemea Mungu, yenye vina. Huko Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 zilichimbuliwa sarafu za fedha zaidi ya 2,000. Sisi wa Minembwe hatukurithi kuta za mawe. Hata hivyo, tusemapo “feza” sokoni, twataja madini yale yale. Basi mtafiti wa historia yetu asiyapuuze maneno.