Kabla ya Kwenda kwa Wachoctaw

Mwenye kutaka kuchunguza mila za Wachoctaw wa Marekani hana budi kuanza na kamusi ya lugha yao. Mmisionari Cyrus Byington aliitumikia kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 40, akafa mwaka 1868. Hata ulipofika mwaka 1915 ndipo ilipopigwa chapa, ikiwa imehaririwa na John Swanton na Henry Halbert. Lakini lugha yenyewe ataisikia wapi? Mkataba wa 1830 uliwapokonya nchi yao ya Mississippi. Wengi wakahamishwa hadi nchi iitwayo leo Oklahoma, wachache wakabaki. Hao waliobaki ndio walioihifadhi zaidi lugha majumbani mwao, na kwa maoni yangu huko ndiko kwa kuanzia. Ila asifunge safari kabla ya kupata idhini ya serikali ya Wachoctaw wenyewe. Barua ya chuo kikuu chake haitoshi.