Zamu Ngapi Hadi Maskati

Kutoka Unguja hadi Maskati, kwa mstari ulionyooka, ni takriban kilomita 3,900, na anayepanda ndege leo hukaa hewani kama saa tano. Mabaharia wa zamani walihesabu zamu: saa tatu za kwenda kwa tanga, nane kwa usiku na mchana. Ndiyo zamu hiyo hiyo walinzi wanayopokezana getini. Wapo wanaoona huko ni kubahatisha tu, kwa kuwa maili haibadiliki ilhali saa tatu za upepo mkali si saa tatu za shwari. Hoja ina uzito, ila inawasahau marubani wenyewe (rubani alikuwa mtu wa bahari kabla hajawa mtu wa ndege). Elimu ya akina Ahmad ibn Majid wa karne ya 15, na Sulayman al-Mahri aliyemfuata, ilitofautisha zamu ya mazoea na zamu ya hesabu. Hii ya pili ilifungwa kwenye nyota. Rubani alipima kwa vidole kimo cha nyota ya kaskazini juu ya upeo wa bahari. Chombo kikielekea kaskazini sawasawa mpaka nyota ikapanda kidole kimoja, zamu nane zimekwisha. Kusini, nyota hiyo inapozama, walishika nyota za Farkadani. Maili ya baharini nayo ni dakika moja ya pembe ya dunia, kwa hiyo wazo ni lile lile. Kidole kimoja ni kidogo chini ya maili 100 za baharini, hivyo zamu ni kama maili 12, mwendo wa maili nne kwa saa: ndio mwendo wa jahazi lililosheheni.

Njia ya bahari, kwa kuzunguka Ras Hafun, inapita maili 2,200. Ni zamu 183 hivi, yaani siku 23. Lakini hakuna mfanyabiashara aliyepanga mambo yake kwa siku 23. Kaskazi ilimteremsha kati ya Desemba na Machi; kurudi kulingoja kusi ianze Aprili, au ipungue Agosti, kwani Juni na Julai kusi huchafuka na bahari hufungwa. Mwezi wa Januari, basi, aliyeko Maskati alikuwa wiki tatu kutoka Unguja, na nduguye aliyeko Unguja alikuwa miezi mitatu au zaidi kutoka Maskati. Aliyekopesha mali alihitaji kujua hili la pili, na maili zisingemwambia. Hata Seyyid Said, mtawala wa pande zote mbili na mwenye manowari zake, alikwenda Oman mwaka 1854 na hakufika tena Unguja akiwa hai; alifia baharini karibu na Shelisheli, Oktoba 1856.

Itasemwa kwamba meli za moshi, kisha ndege, zilimaliza habari za misimu. Za misimu, ndiyo. Za kupima safari kwa wakati, hapana: kabla ya kuruka, rubani wa ndege huhesabu upepo ili ajue mafuta yatamtosha kwa muda gani, na ratiba huhesabu dakika tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inaposimama. Hata tiketi haikubaliani na ramani, maana saa ya Maskati iko mbele kwa saa moja. Safari ya saa tano ikiondoka Unguja saa nane mchana hufika saa mbili usiku. Ya kurudi, ikiondoka saa tatu asubuhi, hufika saa saba mchana. Kwa saa ya ukutani, kwenda ni saa sita na kurudi ni saa nne.