Kwa nini watu wanaiacha Windows 10

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10. Kompyuta inaendelea kuwaka, lakini mianya mipya inayogunduliwa haizibwi. Ukihifadhi humo nakala za vitambulisho vya familia, hatari hiyo ni yako. Windows 11 nayo inadai chipu ya TPM 2.0 na hukataa prosesa nyingi za kabla ya 2018, hata mashine ikiwa nzima kabisa.

Ndiyo maana wengine wanahamia Linux Mint. Ni ya bure, na unaweza kuijaribu kwa flashi bila kufuta kitu. LibreOffice hufungua faili za Word, ingawa mpangilio wa kurasa huvurugika wakati mwingine. Kabla ya kuisakinisha, nakili faili zako kwenye diski nyingine. Usakinishaji unaweza kufuta kila kitu.