Kongosho, Kimeng'enya na Kimea: Istilahi za Ugonjwa wa Seliaki

Katika karne ya pili baada ya Kristo, tabibu wa Kiyunani Aretaeus wa Kapadokia alieleza maradhi ya kuharisha chakula kisichosagika tumboni, akayapa jina litokanalo na neno la Kiyunani lenye maana ya tumbo. Samuel Gee wa London aliyaeleza upya mwaka 1888 kwa jina hilo hilo. Jina halikutaja sababu, kwani sababu haikujulikana. Ni Willem Dicke, daktari wa watoto wa Uholanzi, aliyeonyesha katika tasnifu yake ya mwaka 1950 kwamba ngano ndiyo iwadhuruyo wagonjwa. Kilichomo ndani yake ni gluteni, neno la Kilatini lenye maana ya gundi, nayo imo katika shayiri pia. Kinga ya mwili huishambulia ngozi ya ndani ya utumbo mwembamba. Kwa hiyo wafasiri waandikao "mzio wa ngano" wanataja ugonjwa mwingine kabisa. Sisi tunapendelea ugonjwa wa seliaki.

Tatizo kubwa zaidi ni la kongosho. Wako watu wazima wanaoacha ngano na bado wanaharisha na kukonda, na mojawapo ya sababu ni upungufu wa vimeng'enya vya kongosho. Hapa Kiswahili kimebahatika. Mjerumani Wilhelm Kühne, alipobuni neno lake katika miaka ya 1870, alilijenga kwa maneno ya Kiyunani yenye maana ya "ndani ya chachu", ambayo hayamwambii mgonjwa lolote. Kimeng'enya kimetokana na kumeng'enya, yaani kuvunjavunja, na hiyo ndiyo kazi yenyewe. Hatuoni haja ya "enzaimu".

Lakini aghalabu tunakuta ugonjwa huo umefasiriwa "kongosho bovu" au "kushindwa kwa kongosho". Mwaka 1902 William Bayliss na Ernest Starling, huko London, walithibitisha kwamba ukuta wa utumbo hupeleka ujumbe kwa njia ya damu kuliamsha kongosho. Mwaka 1905 Starling akauita ujumbe wa namna hiyo homoni. Ukuta ukiharibiwa na gluteni, ujumbe hupungua, na kongosho, ingawa huenda ni zima, haliitwi vya kutosha. Kwa wengi ukuta ukipona vimeng'enya hurudi. Mtu aliyeambiwa kongosho lake ni bovu atakata tamaa bure, hali anayemeza vidonge vya vimeng'enya pamoja na chakula huenda asivihitaji maisha yake yote. (Vidonge hivyo kwa kawaida hutengenezwa kwa kongosho la nguruwe, na mfasiri hana ruhusa ya kulificha jambo hilo.)

Sasa tuyapeleke maelezo hayo Kyela, kwenye mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, nchi ya mpunga, ndizi, mahindi na samaki. Vyakula hivyo havina gluteni. Ngano huingia kwa chapati, maandazi na mkate. Maelezo yaliyoandikwa Ulaya humkataza mgonjwa "unga" na "kimea". Yakifasiriwa neno kwa neno, yatamnyima ugali wa mahindi, na pia pombe ya ulezi, ambayo kimea chake hakina gluteni. Bia ya kiwandani, iliyopikwa kwa shayiri, ndiyo ya kuangaliwa.

Hasara si ya tumbo tu. Monica Wilson, aliyechunguza maisha ya Wanyakyusa katika miaka ya 1930 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1951, alieleza jinsi walivyothamini ukwangala, yaani kuwa pamoja kwa furaha, kula na kunywa na wenzao wa rika moja. Kumwondoa mtu mzima katika chungu cha wenzake kwa sababu ya neno lililofasiriwa vibaya ni jambo zito. Kwa hiyo tunapendekeza iandikwe "unga wa ngano", na "kimea cha shayiri", bila kufupisha, hata pale ambapo matini ya asili imetumia neno moja tu.