Deni la Mbalamwezi

Historia ya dagaa wa Kigoma mimi huanza kuisoma angani. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku wa giza: taa huwashwa juu ya maji, samaki hufuata mwanga, wavu huwazoa. Mbalamwezi inapokolea, taa hazina nguvu tena, na mitumbwi hukaa pwani siku kadhaa. Siku hizo watu wanaendelea kula, na hapo ndipo madeni huanza.

Burton na Speke walipofika Ujiji Februari 1858, walikuta soko lenye samaki, chumvi, pembe za ndovu na watumwa. Wakati huo mvuvi aliwasha kuni zake mwenyewe. Baadaye zikaja karabai, nazo zilitaka mafuta ya taa. Mwenye mtumbwi asiye na fedha aliyapata kwa mfanyabiashara, kwa ahadi ya kumuuzia yeye samaki. Nadhani badiliko hilo lilikuwa kubwa kuliko la taa yenyewe: bei ilianza kupangwa kabla wavu haujagusa maji.

Soko nalo lilizidi kusogea mbali. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Meli ya Liemba, iliyozamishwa vitani mwaka 1916 na kuibuliwa, ilirudi kazini 1927. Kwa miongo mingi ilibeba magunia ya dagaa hadi Mpulungu, Zambia. Dagaa mkavu ni mwepesi na husubiri. Kwa kuwa husubiri, hata malipo yake husubirishwa.

Anayesubirishwa zaidi, kwa maoni yangu, ni mwanamke anayeanika. Hununua dagaa wabichi alfajiri, mara nyingi kwa mkopo, akawatandaza kwenye mchanga, kokoto au chanja. Jua likiwaka vizuri, ana mzigo. Mvua ikinyesha, wanaoza, lakini mwenye mtumbwi bado anamdai. Akifanikiwa kukausha, huenda akampa mnunuzi wa jumla mzigo huo kwa mali kauli: chukua, uza, ndipo ulipe. Anadaiwa ufukweni na anadai mjini, na katikati ana neno la mtu tu. Ndiyo maana undugu, ujirani na jina jema vina thamani kubwa katika biashara hii. Mara nyingi ndiyo dhamana pekee aliyo nayo.

Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika ziwa hilo kwa miezi 3, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane. Naiunga mkono sababu hiyo. Lakini mfumo uliozoea kukopa kuvuka siku chache za mbalamwezi ulitakiwa kuvuka siku 90. Kabla ya kufunga ziwa tena, ningependa tuulize nani anabeba deni la miezi hiyo, na tuanze kumuuliza yule mwenye chanja tupu.