Njonjo: Mwanasheria Mkuu aliyevua ngao yake akitafuta kiti cha Bunge

Kwa miaka 17, Charles Mugane Njonjo alikuwa miongoni mwa watu wenye mamlaka makubwa zaidi nchini Kenya bila ya kuomba kura ya mwananchi yeyote. Alipojitosa katika siasa za uchaguzi mnamo 1980, alidumu kwa takriban miaka mitatu tu.

Njonjo alizaliwa Kabete mwaka wa 1920, mwana wa Chifu Josiah Njonjo. Alisomea Alliance, King's College Budo nchini Uganda na Fort Hare, Afrika Kusini, kabla ya kuhitimu uwakili nchini Uingereza.

Alikabidhiwa wadhifa wa Mwanasheria Mkuu 1963, mwaka wa uhuru. Chini ya katiba ya wakati huo, mwenye cheo hicho alikuwa mshauri wa serikali, msimamizi wa mashtaka ya jinai na mwanachama wa Bunge kwa mujibu wa wadhifa wake, ingawa hakuruhusiwa kupiga kura humo. La muhimu zaidi, Rais hangeweza kumfuta kazi bila ya kuunda jopo la kumchunguza.

Nguvu zake zilidhihirika Oktoba 1976. Baadhi ya wanasiasa walikuwa wakitaka katiba irekebishwe ili Makamu wa Rais, Bw Daniel arap Moi, asishike hatamu kwa siku 90 endapo Mzee Jomo Kenyatta angefariki. Njonjo alitoa taarifa fupi akikumbusha kwamba kuwazia au kukusudia kifo cha Rais ni kosa ambalo adhabu yake ni kifo. Kampeni ikazimika. Mzee alipoaga dunia Agosti 22, 1978, Moi alirithi uongozi kwa amani.

Aprili 1980, Njonjo alijiuzulu. Mbunge wa Kikuyu, Bw Amos Ng'ang'a, aliacha kiti, naye Njonjo akakitwaa bila kupingwa. Muda si muda akawa Waziri wa Masuala ya Katiba.

Hata hivyo, waziri huhudumu kwa ridhaa ya Rais, na ile ngao ya jopo haikuwepo tena. Juni 1982, Njonjo alikuwa mstari wa mbele Bungeni wakati Kenya ilipofanywa kuwa nchi ya chama kimoja kisheria. Mwaka uliofuata, alipokosana na wakuu wa Kanu, hapakuwa na chama kingine cha kukimbilia.

Mei 1983, Rais Moi alitangaza kuwa mataifa ya kigeni yalikuwa yakimwandaa msaliti kutwaa uongozi. Njonjo alisimamishwa uwaziri, akajiuzulu ubunge, na tume iliyoongozwa na Jaji Cecil Miller ikachunguza mwenendo wake. Desemba 12, 1984, Rais alimsamehe, lakini hakugombea tena.

Bw Amos Wako, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu kuanzia 1991 hadi 2011, alifuata mkondo tofauti. Alichaguliwa Seneta wa Busia 2013 na kuhudumu hadi 2022. Kufikia wakati huo, Katiba ya 2010 ilikuwa imehamishia mamlaka ya mashtaka kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma.

Njonjo aliteuliwa mwenyekiti wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori mwaka wa 1998. Alifariki Januari 2, 2022, akiwa na umri wa miaka 101, na mwili wake ukateketezwa siku hiyo hiyo Kariokor, Nairobi.